Kisanduku cha Saba

Kwenye fomu yangu kuna kisanduku, cha saba kutoka juu,
kinachouliza: Namba ya hati ya umiliki?
Miaka kumi na tisa nimekikatia mstari.
Huku mabondeni, mashariki ya Kentucky,
pikipiki za vumbi hazina taa, hazina kioo,
lami zimekatazwa kuigusa,
na jimbo halitoi hati kwa kisichokanyaga barabara yake.
Mwenye nayo ni mwenye ufunguo,
na nyingine hazina hata ufunguo: teke moja, zinaitika.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa daftari ni mimi.

Mara ya kwanza aliileta Dwight Ratliff,
ya buluu, injini mia mbili hamsini,
imefungwa kwenye pikapu kwa kamba ya kuanikia nguo.
Stakabadhi ilikuwa karatasi iliyochanwa daftari la shule:
"Mimi, Colby Stiltner, nimemuuzia Dwight
kwa dola mia tisa, kama ilivyo."
Kama ilivyo. Maneno mawili tu,
na kila ufa wa injini umeshahamia kwa mnunuzi.
Nikapiga magoti kwenye changarawe,
nikafuta tope shingoni mwa fremu kwa gumba lenye mate,
nikasoma tarakimu kumi na saba,
ya mwisho nne, imegongwa kombo,
kana kwamba mgongaji aliitwa chakula nyundo ikiwa hewani.
Nikapigia polisi wa kaunti. Si ya wizi.
Picha nne. Bima ya wizi, ya moto,
na ya mfupa wa jirani ukivunjika;
wa kwake mwenyewe, shauri yake.

Mwezi wa Machi ilirudi nyeusi.
Rangi ya kopo, imepuliziwa hadi kwenye matairi.
Tasha Blevins, na stakabadhi juu ya kifuniko cha boksi la piza,
duara la mafuta limekaa palipotakiwa shahidi.
Dola mia saba.
Nne ile ile, na kombo yake.
Sikusema kitu. Silipwi kutambua sura,
nalipwa kuandika thamani.

Mara ya tatu haikuja pikipiki.
Alikuja Verna Stiltner,
mkoba ameushika kwa mikono miwili,
kiti akakikataa.
Akauliza kama natunza namba za zamani.
Nikamwambia siruhusiwi kuzitaja.
Basi akaitaja yeye, kwa kichwa,
tarakimu zote kumi na saba, polepole,
na alipofika kwenye nne akanitazama.

"Aliiuza Alhamisi. Jumapili nikamkuta bafuni.
Mia tisa zile, Ardith, hazikununua mkate."

Mashine ya kahawa ilikoroma nyuma yangu.

"Sitaki kuipanda, nina goti bovu.
Nataka inipigie kelele uani Jumamosi
nipate mtu wa kumkaripia."

Nikampigia Tasha mwenyewe.
Alitaka elfu moja na mia mbili: ametia kabureta mpya,
na plagi, na mnyororo.
Sikumlaumu. Kabureta ni kabureta.
Verna alihesabu noti za ishirini juu ya meza yangu,
zimekunjwa vidogo vidogo, zinanuka sabuni ya unga,
na Tasha, aliyekuja na mtoto mgongoni,
akazihesabu tena, kisha akarudisha mbili
bila kusema ni za nini.
Wakaandika nyuma ya kalenda yangu ya mwaka jana.
Kama ilivyo, akaandika Tasha. Akasita. Akaacha hivyo.
Palipotakiwa shahidi nikatia sahihi yangu.

Fomu. Kisanduku cha saba. Mstari.
"Thamani?" nikauliza,
maana lazima niulize.
Verna akasema, "Andika bei ya sokoni.
Kile kingine hamna pesa ya kukilipa."

Jumamosi nikapita kule juu, nina sababu zangu.
Imesimamishwa uani juu ya kigogo cha mti,
inanguruma peke yake, gurudumu la nyuma linazunguka hewani,
rangi nyeusi inabanduka kwa joto, buluu inachungulia,
na Verna mlangoni, mkono kiunoni,
anafoka kwa sauti yote aliyobaki nayo:
Zima hicho kitu! Utaamsha watu!